MNUNUZI ASISHIKE MIZANI
Neno juu ya ngumi za kulipwa

Leo nina neno juu ya ngumi. Najua wako watakaouliza gazeti la siasa lina kazi gani na mchezo wa ngumi. Nawajibu mapema: palipo na mtu mmoja anayetoka jasho na mwingine anayehesabu fedha, hapo siasa ipo, tupende tusipende.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye hupigana ngumi za kulipwa, alikuja nyumbani kwangu na karatasi mkononi. Alitaka nimsomee. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, naye alikuwa amekwisha kutia sahihi. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, mbona umetia sahihi jambo usilolijua?" Akanijibu, "Kaka, waliniambia nikichelewa nafasi anapewa mwingine." Katika kurasa zile nne sikuona jina la mpinzani wake, wala siku ya kulipwa, wala nani atagharimia matibabu akiumia. Jambo moja lakini lilikuwa wazi kabisa: akishinda, mapigano yake matatu yanayofuata ni mali ya promota yule yule, kwa malipo atakayoyapanga promota mwenyewe.

Sikumlaumu kijana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini usiku ule nilikumbuka habari waliyokuwa wakitusimulia wazee wetu wa Kanda ya Ziwa.

HABARI YA PAMBA

Mkulima alilima pamba, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo mpaka kwa mnunuzi. Akifika huko, mizani ilikuwa ya mnunuzi, mpimaji alikuwa mtu wa mnunuzi, na daftari liliandikwa na karani wa mnunuzi. Mkulima alisimama pembeni akingoja kuambiwa jasho lake lina uzito gani. Je, wakulima wale walisema pamba isilimwe tena? La hasha! Walisema jambo jepesi na la haki: mnunuzi asishike mizani. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya ushirika, mpaka mwaka 1955 ikasimama Victoria Federation of Co-operative Unions, Bwana Paul Bomani akiwa mbele.

Neno langu juu ya ngumi ni hilo hilo. Wako wanaotaka ngumi zifutwe. Mimi si mmoja wao. Nasema anayenunua nguvu za bondia asiwe ndiye anayezipima, anayezipangia bei, na anayeandika daftari.

NGUMI ZINAVYOPANGWA

Watu wengi hudhani pambano huanza kengele inapolia. Sivyo. Pambano huanza mezani, wiki nyingi kabla, na mara nyingi humalizikia hapo hapo mezani. Promota hukodi ukumbi, hutangaza, huuza tikiti na haki za televisheni. Meneja humtafutia bondia kazi na kumtetea katika bei, naye huchukua sehemu ya malipo yake. Mpangaji huchagua nani apigane na nani. Chama chenye mkanda hupanga mabondia kwa ngazi, nacho hutoza ada kila mkanda wake unapopiganiwa. Halafu wako waamuzi wanaotoa pointi.

Kazi hizo zikiwa mikononi mwa watu mbalimbali, kila mmoja humchunga mwenzake. Zikiwa katika mkono mmoja, au katika mikono inayolishana, bondia hana mtu. Meneja aliye mtu wa promota atamtetea nani katika bei? Je, mtu anaweza kupatana bei na nafsi yake?

Kutoka hapo hutoka ile desturi tunayoiona kila mwezi. Bondia wa promota hukaa kona ya nyumbani. Mpinzani wake huchaguliwa ili ashindwe. Huitwa akiwa hana mazoezi ya kutosha, hupewa nauli na malipo kidogo, hupigwa, hurudi kwao. Ushindi wa namna hii ukirundikwa mmoja juu ya mwingine, rekodi ya yule wa nyumbani hunona kama ng'ombe wa maonyesho, na watu huambiwa wamepata bingwa. Siku atakapokutana na mpiganaji wa kweli, yeye mwenyewe ndiye atakayelipa deni la udanganyifu ule, tena kwa kichwa chake.

Mara moja moja mbuzi wa kafara humpiga pembe mchinjaji. Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, aliitwa kwa muda mfupi kuziba pengo mjini Birmingham, Uingereza. Akammaliza Sam Eggington katika raundi ya pili, nyumbani kwake Eggington, mbele ya watu wake. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tukisha kushangilia tujiulize: ni Waafrika wangapi walioitwa kwa namna ile ile, wakapanda ndege, wakapigwa, wakarudi kimya, wala jina lao halikuandikwa popote ila katika rekodi ya ushindi wa mwingine?

MAREKANI WALIVYOJIFUNZA

Tusidhani mambo haya yamezaliwa kwetu. Marekani ndiyo soko kubwa la ngumi, na huko yametokea yote, na kuandikwa mahakamani.

Mwaka 1949 bingwa Joe Louis alipokuwa akiacha ubingwa wa uzito wa juu, alitiliana mikataba na wapiganaji wanne walioweza kumrithi. Mikataba ile ikahamishiwa kwa matajiri wawili, James Norris na Arthur Wirtz, wenye kampuni iliyoitwa International Boxing Club. Tangu siku ile aliyetaka kupigania ubingwa hakuwa na budi apite mlangoni mwao. Kumbi kubwa walizishika wao, televisheni waliishika wao. Ilichukua miaka kumi. Mwezi Januari 1959 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba ukiritimba ule uvunjwe.

Nyuma ya pazia alikuwako mtu wa magenge, Frankie Carbo. Mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa kula njama na kutumia vitisho ili kujipatia sehemu ya mapato ya bingwa Don Jordan. Na mwaka 1960, mbele ya kamati ya Baraza la Seneti, Jake LaMotta alikiri kwamba mwaka 1947 alikubali kwa makusudi kushindwa na Billy Fox, kwa kuwa hiyo ndiyo bei ya kupewa nafasi ya kupigania ubingwa. Nafasi yenyewe aliipata mwaka 1949. Tafakarini jambo hili. Mtu aliyeweza kuwa bingwa kwa mikono yake alilazimika kwanza kujiaibisha mbele ya maelfu ya watu.

Mtu akisema hayo ni mambo ya zamani, ayaendee ya karibu zaidi. Mwaka 1977 mashindano makubwa yaliyoonyeshwa na televisheni ya ABC yalisimamishwa baada ya kugunduliwa kwamba rekodi za baadhi ya mabondia zilitiwa mapigano ambayo hayakupiganwa kamwe. Daftari lilikuwa mikononi mwa wenye mali! Na mwaka 2000 Robert Lee, mwanzilishi wa chama cha dunia cha IBF, alitiwa hatiani na mahakama ya New Jersey kwa kukwepa kodi na kuficha fedha chafu, ingawa mashitaka mengine mengi aliachiliwa. Katika kesi ile mapromota walisimama kizimbani wakaeleza jinsi walivyotoa fedha kwa ajili ya mabondia wao. Haya, bondia masikini asiye na wa kumlipia atapanda ngazi kwa miguu gani?

DAMU

Kupanga vibaya si hasara ya fedha peke yake. Benny Paret alikuwa kijana wa Kuba aliyewahi kukata miwa. Mwezi Desemba 1961 alipigwa vibaya na Gene Fullmer mpaka akaangushwa. Hata miezi minne haikutimia, tarehe 24 Machi 1962, akapandishwa tena ulingoni New York kupigana na Emile Griffith, televisheni ikionyesha. Alipigwa katika raundi ya 12 akiwa ameegemea kamba, akazimia, wala hakuzinduka. Alifariki tarehe 3 Aprili. Watu walimlaumu Griffith, wakamlaumu refa. Wachache waliuliza: nani aliyempanga Paret apigane wakati ule? Nani aliyemchunguza kichwa?

Nasi wa Afrika Mashariki tuna msiba wetu. Robert Wangila wa Kenya alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, Mkenya wa kwanza kuipata katika ngumi. Akaenda Marekani kutafuta riziki. Mwezi Julai 1994 alipigana Las Vegas na David Gonzales, pambano likasimamishwa, na siku mbili baadaye alifariki. Umri wake ulikuwa miaka 26. Sisemi kwamba alifanyiwa hila. Nasema ngumi zinaua hata zinapopangwa kwa haki, na kwa hiyo anayezipanga kwa ulafi anacheza na roho za watu.

Hata Muhammad Ali, aliyejulikana duniani kote, hakusalimika. Tarehe 2 Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, aliruhusiwa kupigana na Larry Holmes. Alipigwa raundi kumi, mpaka kona yake ikamzuia asiendelee. Baadaye promota akamkata zaidi ya dola milioni moja katika malipo waliyokubaliana. Ali akaenda mahakamani, na mwisho akamaliza shauri kwa kupokea dola 50,000 tu. Kama Ali alifanyiwa hivyo, kijana wa mtaani kwetu mwenye karatasi ya kurasa nne atafanyiwa nini?

SHERIA ILIYOPUNGUKIWA NA MKONO

Wamarekani waliona aibu, na mwezi Mei 2000 wakatunga sheria iliyopewa jina la Ali. Ni sheria yenye akili. Inamtaka promota amwonyeshe bondia fedha anazopata kutokana na pambano lake. Inakataza mtu mmoja kuwa promota na meneja wa bondia katika mapigano makubwa. Mkataba wa kumlazimisha bondia kama ule wa kijana wetu, wa "ukishinda u mali yangu", imeufupisha usizidi mwaka mmoja. Vyama vya mikanda vimetakiwa kueleza waziwazi jinsi vinavyopanga ngazi.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Haikuunda tume ya taifa ya kuisimamia. Kila jimbo lina tume yake, na promota asiyependa ukali wa jimbo moja huenda jimbo la pili. Seneta John McCain alijaribu kupata tume moja ya taifa, hakufaulu. Sheria bila msimamizi ni kama mbwa asiye na meno: wezi humpita wakicheka.

Mwaka 2025 ukaja muswada mwingine katika Bunge lao, umebeba jina hilo hilo la Ali. Muswada ule ulitaka chombo kimoja kiruhusiwe kuwa promota, na mpanga ngazi, na mtoa mkanda, vyote kwa pamoja. Wenye kuutetea walisema mabondia watapata bima na malipo ya chini kwa kila raundi, na kwamba vyama vinne vya mikanda vimeivuruga ngumi: mabingwa wanne katika uzito mmoja, kila mmoja amefichwa na promota wake, watu wanazeeka wakingoja wakutane.

Lazima tuseme kweli: hoja hii ina nguvu. Vurugu ya mikanda ni kweli. Bima ni jambo jema. Nasi tumezoea kuusifu umoja. Lakini umoja wa mkulima na mkulima ni ushirika. Umoja wa mnunuzi na mizani yake ni ule ule uliowachosha wazee wetu wa pamba. Bima twaitaka, malipo ya chini twayataka, ila yaandikwe katika sheria yamlinde kila bondia, wala yasiwe chambo cha kumwingiza katika zizi lenye mlango mmoja.

"BILA PROMOTA HAKUNA NGUMI"

Bwana Promota ataniambia: "Wewe mwandishi hukuwahi kukodi ukumbi. Mvua ikinyesha hasara ni yangu. Wadhamini wakikimbia deni ni langu. Mkinibana nitaacha, na vijana wenu watarudi vijiweni."

Namjibu kwa heshima. Ni kweli unatia mali yako hatarini, na ni haki upate faida. Hatukatai. Lakini bondia anatia hatarini macho yake, figo zake na akili yake, na vitu hivyo haviuzwi dukani. Mnunuzi wa pamba naye alikuwa na gharama za magari na maghala, lakini gharama zile hazikumpa haki ya kuweka kidole juu ya mizani. Promota mwaminifu hana la kuogopa hapa. Kwa kweli ndiye atakayenufaika, maana leo anashindana na tapeli asiyelipa watu wake, na tapeli siku zote ana bei ndogo.

Tusijidanganye pia kwamba mapigano makubwa yakija kwetu tumekwisha kuheshimiwa. Tarehe 30 Oktoba 1974 Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, kila mmoja akiahidiwa dola milioni tano, serikali ya Mobutu ikiwa nyuma ya shughuli. Dunia nzima ikataja jina la Zaire. Lakini kengele ililia saa kumi alfajiri! Kwa nini? Kwa sababu saa hiyo ilikuwa ya usiku wa mapema Marekani, ambako watu walilipa kutazama. Wenye nyumba walikesha ili wageni wasisumbuke na ratiba yao. Mimi siichukii fahari ile. Ali aliposhinda katika raundi ya nane Afrika nzima ilijiona imeshinda. Lakini ukumbi ukiwa wako na saa ikiwa ya mwingine, jua nani mwenye shughuli.

TUNAYOYATAKA

Tanzania tunayo Kamisheni ya Kudhibiti Ngumi za Kulipwa, na wenzetu wa Kenya wana kamisheni yao. Mkono wa kusimamia upo. Basi mkono huo ufanye kazi. Penye kanuni, itimizwe mbele ya macho ya watu. Pasipo na kanuni, iandikwe. Mambo yenyewe ni haya:

Kwanza, mkataba wa bondia uandikwe kwa Kiswahili, asomewe mbele ya mtu wa kamisheni, na nakala abaki nayo. Ukitaja mapigano ya mbele, utaje na malipo yake na mwisho wake.

Pili, fedha za mabondia wote wa siku ile, tangu wa pambano la kwanza mpaka la mwisho, ziwekwe mikononi mwa kamisheni kabla ya siku ya kupima uzito. Fedha hazipo, pambano halipo. Habari za "njoo kesho" ziishe.

Tatu, promota asiwe meneja wa bondia anayempigisha, wala mwanawe, wala shemeji yake, wala karani wake.

Nne, waamuzi na daktari wachaguliwe na kamisheni na kulipwa na kamisheni. Promota atoe ada, lakini asiwape bahasha kwa mkono wake.

Tano, liwepo daftari moja la kila bondia: aliyepigana naye, matokeo, na afya yake. Aliyeangushwa kwa kupigwa kichwani apumzishwe kwa siku zitakazotajwa na daktari, wala asipelekwe nchi nyingine kupigana kabla siku hizo hazijatimia. Hapa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wote wasomeane madaftari, maana mpaka haumzuii bondia mwenye njaa.

Sita, promota amwonyeshe bondia hesabu ya pambano lake: viingilio, televisheni na wadhamini. Mtu ana haki ya kujua jasho lake limeuzwa kwa bei gani.

Saba, na hili ni la mabondia wenyewe: undeni chama chenu. Madereva wana chama, walimu wana chama, makuli wa bandarini waligoma wakasikilizwa. Ninyi mnaopigana peke yenu ulingoni msipatane bei peke yenu mezani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

NENO LA MWISHO

Msomaji mpenzi, nawe una kazi. Ukienda ukumbini umelipa kiingilio chako, usiulize tu nani atashinda. Uliza yule mgeni aliyeletwa jana amepigana lini mara ya mwisho, na daktari yuko wapi, na gari la wagonjwa liko wapi. Ukiona pambano la kuchinja mtu, usipige makofi. Promota huyasikiliza makofi yako kuliko makala yangu.

Kijana wa mtaani kwetu nimekwenda naye kwa mtu ajuaye sheria, tuone kama karatasi ile inaweza kurekebishwa. Mazoezi hakuacha. Kila alfajiri namsikia akipita dirishani kwangu akikimbia, nyayo zake juu ya barabara ya vumbi, kabla adhana haijamalizika. Jasho lile ni lake. Siku litakapopelekwa sokoni, tunataka kando ya mizani asimame mtu asiyelipwa na mnunuzi.